Diski Niliyoinakili Ikiwa Macho

Asubuhi niliyotoka Ukunda sikuwa na safari. Nilifunga chumba, nikamkabidhi mwenye nyumba ufunguo wake, akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia mbele.

"Mbele ipi, mwanangu? Huku bahari, huku vichaka."

Nilikuwa nimebeba mfuko wa kitambaa wenye bisibisi tatu, chuma cha kulehemu, kipande cha risasi ya kulehemea na shati moja. Nilishika njia ya upande wa vichaka kwa sababu upande wa bahari nilikuwa nimeshaumaliza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Shule niliiachia darasa la sita, na tangu hapo nilikuwa nimefanya kazi za kila namna kutoka Likoni hadi Shimoni. Nimepakia barafu kwenye masanduku ya samaki, nimefua mashuka ya hoteli, nimetengeneza redio katika kibanda cha mabati. Kila kazi niliiacha siku nilipoielewa. Watu waliona ni kiburi. Mimi niliuona kama ugonjwa, kwa sababu nikishajua kitu kinavyofanya kazi mikono yangu hulegea na siwezi tena kukishika. Mwaka ule wa tisini na tisa hoteli nyingi za Diani zilikuwa na vyumba vitupu, redio zilikuwa haziletwi tena, na nilikuwa nimefika mahali pa kuamka nikakaa kitandani nisijue nivae viatu kwa ajili ya nini. Asubuhi ile nilivaa ili nisiendelee kukaa.

Jua lilikuwa halijawa kali nilipofika Bongwe. Wanawake kama kumi walikuwa wamesimama na madumu yao kando ya kisima na hakuna aliyekuwa akichota. Katikati yao mzee mmoja alikuwa amelala kifudifudi, kichwa kimeingia kisimani, na mkono wake wa kulia umevaa bangili kubwa ya plastiki ya manjano.

"Anasikiliza majini," mwanamke mmoja akaniambia kabla sijauliza.

"Wanamwambiaje?"

"Wanamwambia aondoke tuchote maji."

Wenzake wakacheka. Sauti ya mzee ikatoka chini kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Nyinyi wamama, wacha hiyo kelele! Sisikii kamba."

"Haya, baba bangili, isikilize kamba yako."

Mzee akaniona miguu tu. "Wewe wa viatu. Macho yako inaona?"

"Yanaona. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kuja usome hapa."

Kamba yake ilikuwa na alama za rangi, na mwisho wake imefungwa kipande kifupi cha bomba. Bomba likigusa maji lilitoa mlio, bup, na hapo mtu alishika kamba na kusoma alama iliyo sawa na mdomo wa kisima. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Mlio aliusikia vizuri sana. Alama ndizo zilizokuwa zimemponyoka. Nilimsomea. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena, akaandika kwa herufi kubwa kama za mtoto anayeanza shule, kisha akachota maji kwenye kikombe, akatumbukiza kifaa cha kupimia chumvi, nikasoma na hicho.

"Unapima ili iweje?" nikamwuliza.

"Kuja nyumbani utaona," akasema, na mimi, ambaye sikuwa na pa kwenda, nikakunja kamba nikamfuata.

Mzee huyu alikuwa mtu wa bara aliyenunua shamba Bongwe zamani na kuhamia kabisa alipostaafu. Mkewe alikuwa ameshafariki. Maisha yake ya kazi yote aliyapitisha Nairobi katika ofisi iliyokuwa na kompyuta ya zamani, ya ukubwa wa chumba kizima, naye alikuwa mwendeshaji wake. Kila likizo alikuja pwani na kupima visima, kuanzia Bongwe kushuka Msambweni hadi Funzi na Shimoni, na akirudi kazini aliviingiza vipimo vyake kwenye mtambo ule. Hakuna aliyemtuma. Aliniambia alianza kwa sababu alitaka kujua kama kisima chake kitakauka, kisha akashindwa kuacha. Nilipomsikia hivyo nilimpenda.

Mtambo wenyewe ulikuwa umeshavunjwa na kuuzwa kama vyuma. Lakini mfanyakazi mwenzake wa zamani, aliyeishi ng'ambo na sasa ni marehemu, alikuwa amemtumia programu katika sidii, na katika disketi kadhaa yale yote yaliyokuwa kwenye tepu yake. Sasa katika chumba cha nyuma, juu ya meza iliyofunikwa kanga, kulikuwa na kompyuta ndogo iliyojifanya ule mtambo mkubwa. Nilikaa mbele yake siku tatu kabla sijaamini. Iliitikia amri zile zile za zamani na kulalamika kwa maneno yale yale. Hata diski za mtambo, ambazo mzee alisema zilikuwa kama sufuria za harusi, kila moja sasa ilikuwa faili moja tu.

"Hii ni picha ya diski," mzee alinieleza. "Lakini mtambo haijui ni picha. Na mtambo yenyewe haijui haiko. Usiiambie."

Nilikaa. Aliniwekea mkeka chumbani humo humo, nami nikawa macho yake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi niliyoamka nikijua kwa nini.

Nilichokuta pale, nje ya kupenda kwangu kujua mambo, kilikuwa hiki. Hoteli moja ilitaka kuchimba kisima kirefu cha pampu kwenye mwamba wa matumbawe, upande wa juu wa Bongwe. Miaka ya nyuma hoteli nyingine ilikuwa imefanya hivyo hivyo, na visima vya Bongwe vikaingia chumvi kimoja baada ya kingine, mpaka pampu ile ikaharibika na maji yakarudi kuwa matamu polepole. Kila mtu Bongwe aliyakumbuka hayo. Mwenyekiti wa akina mama wa kisima, mwanamke mrefu aliyenitania siku ya kwanza, alinieleza akiwa anasugua dumu kwa mchanga.

"Tulikwenda kutafuta maji usiku haujaisha, tukarudi jua limekuwa kali. Mboga zikakauka, minazi michanga ikakauka. Nilijifungua mwaka huo, nikamwogesha mtoto kwa maji ya chumvi akatoka upele mwili mzima. Sasa nimewaambia watu wa hoteli. Unajua wamesemaje? Wanasema, mama, hayo ni maneno. Lete maandishi."

"Mzee anayo maandishi."

"Ndiyo maana namvumilia na bangili yake."

Mkutano ulikuwa Jumamosi, kwa naibu wa chifu. Madaftari ya mzee na karatasi zake zote, hata disketi za mwenzake, vilikuwa vimeharibika katika mvua kubwa za mwaka mmoja kabla, paa lilipofunguka. Vipimo vya Bongwe vya miaka ile ya chumvi vilibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya picha ya diski, ndani ya kompyuta iliyokuwa imeanza kutoa mlio. Tik. Kimya. Tik, tik. Hewa ya chumvi ilikuwa inaila diski yake ngumu, ile ya chuma, ya kweli. Nilimtafutia mzee diski nyingine iliyotumika, nikaifunga ndani ya sanduku kando ya ile mbovu. Mzee akaigusa kwa vidole, akasema, "Wewe ni fundi." Sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kuniita hivyo bila kucheka.

Printa hatukuwa nayo. Na herufi za mtambo mkubwa si herufi za kompyuta ndogo, kwa hiyo faili lake ukilifungua hivi hivi unaona takataka. Mpango wa mzee ulikuwa kutengeneza picha nyingine, ya diski ndogo, kunakili vipimo kutoka ile kubwa kuingia hii ndogo, kuigawa kwenye disketi chache, na kuzipeleka Ukunda pamoja na sidii, kwenye duka la uchapaji lenye kompyuta na printa.

"Kwa nini nisikae hapa nikaandika kwa mkono kutoka kwenye kioo?" nilimwuliza Jumatatu.

"Kwa mkono utakosea. Mashine haikosei."

Alikuwa na masharti ya kunakili, na aliyasema kila mara, kama mtu anayesali. La kwanza, mtambo ulale. Ukitaka kuigusa picha ya diski kutoka nje, sharti mtambo uuzime kwanza, taratibu, kwa amri zake, mpaka useme wenyewe umemaliza. "Ikiwa macho," alisema, "kuna kitu ameshika mkononi, hajaweka chini. Ukinakili saa hiyo unapata nusu ya jana na nusu ya leo." La pili, pale unapotoa pasiandikwe kitu. La tatu, ukimaliza hesabu mistari huku na huku, kisha usome ya katikati kwa sauti.

Sharti la pili ndilo lililohusu bangili. Zamani tepu za mtambo zilikuwa na pete ya plastiki nyuma yake, pana kama bangili. Tepu ikiwa na pete, mtambo unaweza kuandika juu yake; pete ikitolewa, unaweza kusoma tu. Mzee alikuwa ameondoka kazini na pete moja. Ilining'inia kwenye msumari juu ya kompyuta. Ikiwa msumarini, hakuna kinachoandikwa. Ikiwa mkononi mwake, kuna kinachoandikwa, na mtu asiguse. Ndiyo maana aliivaa hata kisimani. Wanawake walimcheka, naye hakuwaeleza. Alinieleza mimi.

Alhamisi asubuhi alikuwa na miadi ya macho Msambweni, miadi aliyoingojea muda mrefu. Kabla ya kuondoka aliuamuru mtambo uvipange upya vipimo vyote. Vilikuwa vimefuata tarehe, visima vimechanganyika, na kwa mkutano alitaka kila kisima kikae peke yake, ndipo vinakiliwe mara moja tu, asiichoshe diski mbovu mara mbili. Nafasi haikutosha kupanga pembeni, kwa hiyo mtambo ulipanga pale pale, ukiandika juu ya ile ile iliyokuwepo.

"Itachukua saa moja," akasema. "Ikimaliza itasema. Unailaza. Halafu ndiyo unanakili. Umesikia?"

"Nimesikia mzee."

"Sema."

"Imalize, ilale, ninakili."

Akapanda pikipiki ya jirani akaenda. Bangili alikuwa nayo mkononi. Niliutazama msumari mtupu, nikakaa chini kungoja.

Saa moja ikapita. Ya pili ikapita. Mlio haukuwa tena tik. Ulikuwa kama mtu anayekwangua sufuria kwa kijiko, anaacha, anaanza tena. Mtambo haukusema umemaliza. Stima ikafifia, taa ikawa nyekundu, ikarudi. Nilisimama, nikakaa. Nikatoka nje, nikaona akina mama wanakwenda kisimani na madumu, mwenyekiti akaniuliza kwa mbali, "Vipi, tayari?" nikampungia mkono. Nikarudi ndani. Diski ilinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba nilisikia jasho likinitoka, kisha ikakwangua tena.

Nilijua inakufa. Nimesikia vitu vingi vikifa mikononi mwangu, spika, mota, feni, na najua mlio wa mwisho. Nikajiambia: nikingoja imalize, haitamaliza. Nikiilaza, kule kulazwa kwenyewe ni kazi, itaandika hiki na kile, na huenda isifike. Lakini nikiichukua picha nzima sasa hivi, kutoka nje, nikaiweka kwenye diski ile nyingine niliyoifunga mwenyewe, nitakuwa nayo. Msumari ulikuwa mtupu. Niliuona. Nakumbuka niliutazama kama unavyomtazama mtu anayetaka kukukataza, nikatoa amri ya kunakili.

Ilichukua dakika nyingi. Ilikwama mara mbili, ikaendelea. Ilipofika mwisho nilipiga kelele peke yangu chumbani. Nilikuwa bado nimeishika meza stima ilipopotea kabisa, na iliporudi ile diski ya zamani haikuzunguka tena. Niliigonga, nikaipuliza, niliifungua na kuifunga. Ilikuwa chuma.

Niliipitisha ile alasiri kwa furaha. Hilo ndilo ninaloliona gumu kulisema hata leo. Nilijiona nimeokoa maji ya watu. Niliifundisha kompyuta iamke kwa diski mpya, nikaweka programu tena kutoka kwenye sidii, nikafagia chumba, nikachemsha chai.

Mzee alirudi jicho moja limefungwa bandeji. Nikamhadithia yote kwa haraka, diski ilivyokufa, nilivyowahi. Alisikiliza amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu. Aliuliza neno moja.

"Ilikuwa imelala?"

Nikageuka kummiminia chai.

"Nakuuliza. Ilikuwa imelala?"

"Hapana mzee. Ilikuwa macho."

Akaketi. Hakunitukana, nilitamani anitukane. Akasema, "Washa."

Mtambo uliamka kutoka kwenye nakala yangu. Mzee akaniamuru nihesabu mistari, nikahesabu, na hesabu ilikuwa sawa na ile aliyoikariri. Hata mstari mmoja haukupungua. Nilianza kucheka. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Soma katikati."

Nikasoma. Shimoni. Shimoni. Shimoni. Nikashuka chini. Shimoni tena, tarehe zile zile, vipimo vile vile nilivyovisoma juu.

"Hiyo umeshasoma."

"Iko mara mbili, mzee."

"Nitafutie Bongwe."

Nilitafuta. Nilitafuta mbele, nilitafuta nyuma, nilisoma mstari mmoja mmoja mpaka macho yakaniuma. Mtambo ulikuwa katikati ya kuhamisha visima kutoka mahali pao kwenda mahali papya wakati mimi nikiunakili, na nakala yangu ilipita ikachukua upande mmoja kabla ya kuhamishwa na upande mwingine baada ya kuhamishwa. Visima vya Shimoni vilikuwepo mara mbili. Visima vya Bongwe havikuwepo hata mara moja.

Mzee alivua bangili akaitundika msumarini. "Sasa iko salama," akasema. "Hakuna kitu ya kuandika."

Ijumaa tulijaribu kila kitu. Nilizibadilisha nyaya za ile diski mfu, niliipasha jua, niliitikisa sikioni. Mzee alijaribu kukumbuka vipimo kwa kichwa, akanitajia mwezi huu hivi, mwezi ule hivi, nami nikaandika, kisha akaniambia nichane. "Hii natunga," akasema.

Jumamosi mwenyekiti alisimama mbele ya naibu wa chifu akaeleza habari ya chumvi, na akaeleza vizuri. Mtu aliyetumwa na hoteli, kijana mwenye tai na adabu nyingi, akauliza kama kuna maandishi. Mwenyekiti akatugeukia. Mzee akainama. Ikabidi nisimame mimi, nikasema yalikuwepo juzi.

"Juzi," yule kijana akarudia, bila dhihaka hata kidogo, akaandika.

Naibu wa chifu alikuwa mtu mwema. Alisema hawezi kuizuia hoteli kwa kumbukumbu za watu, lakini atatungojea tulete maandishi mpaka mwezi uandame. Zilibaki siku kumi na moja.

Nilikunja mkeka wangu Jumatatu. Sikumuaga mzee. Nilipita kisimani kwa sababu nilikuwa na deni la kusema kitu kwa mwenyekiti, na sikujua ni kitu gani. Akina mama walikuwa wakichota kwa haraka, kama ambao maji yao yanakwenda kesho.

"Huyoo fundi wetu," mmoja akasema. "Kuja utunakilie na madumu haya."

"Mwache," mwenyekiti akasema. Akanitazama mfuko. "Unakimbia?"

"Ndiyo mama."

"Angalau umesema kweli." Akavuta ndoo. "Yule mwalimu angekuwepo haya yasingekuwa."

"Mwalimu gani?"

"Aliyekuwa akishusha kamba hapa kabla mzee hajahamia. Unadhani nani alipima miaka ya chumvi? Mzee alikuwa Nairobi kwake, anakuja likizo kwa likizo. Mwalimu alipima kila mwezi, akimpelekea kwa barua."

Mwanamke mwingine akadakia, "Na ukali wake! Hatuchoti mpaka aandike. Anaandika kwenye karatasi ya barua, halafu anaandika tena kwenye daftari lake. Nikamwambia, we mwalimu, maji ni yale yale, unayaandika mara mbili yataongezeka?"

Nilirudi kwa mzee mbio. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta iliyozimwa. Nilimwuliza habari za mwalimu, na jicho lake moja likapepesa.

"Aliandika mara mbili," akasema. "Ndiyo. Nilimgombeza. Nilimwambia anapoteza karatasi na wakati, mtambo inaweka yote. Nilimwambia mbele ya watu." Akapangusa meza kwa kanga. "Akakasirika akaacha. Akaolewa Funzi. Sijui kama hilo daftari liko. Mimi ningekuwa yeye ningewasha nayo moto."

"Andika barua niipeleke."

"Nitaandika nini?"

Hakuandika. Aliinuka akapapasa ukutani, akatoa bangili msumarini akanipa. Nikaivaa, ikanizunguka mkononi kama ya mtu mwingine.

Nilitembea, nikapanda lori la nazi mpaka Msambweni, nikatembea tena. Siku ya pili nilifika Bodo, nikangoja maji yajae, mtu mmoja akanivusha kwa mtumbwi kupitia kwenye mikoko bila kuniuliza neno. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa ninakwenda mahali ninapopajua jina, na nilitamani njia iwe ndefu, kwa sababu mwisho wake huenda ungekuwa majivu.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa karibu na skuli. Nilimkuta barazani akisahihisha madaftari ya wanafunzi, mwanamke mfupi, miwani imefungwa uzi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Karibu. Umetoka wapi?"

Nikainua mkono. Akaitazama bangili, akavua miwani, akacheka mpaka akakohoa.

"Subhanallah! Bado anayo? Amekufa?"

"Yu hai. Ametolewa mtoto wa jicho. Anaomba radhi."

"Amesema hivyo kwa kinywa chake?"

"Hapana."

"Nilijua."

Nikamweleza yote, na sehemu yangu sikuipunguza. Mtambo ulikuwa macho, nilinakili, visima vya Bongwe vimepotea, siku zilizobaki nane. Aliingia ndani, nikasikia akihamisha vyombo, na alipotoka alikuwa na kopo la biskuti lenye kutu. Ndani yake mlikuwa na daftari lililofungwa katika karatasi ya nailoni. Mchwa walikuwa wameanza kona ya juu na kuteremka. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimetoboka kama jamvi bovu. Lakini za katikati, za miaka ile, zilikuwa na mwandiko mdogo ulionyooka. Kisima, mwezi, kamba, chumvi. Bongwe. Bongwe. Bongwe.

Nilinyoosha mkono. Akalifunga.

"Daftari halitoki nyumbani kwangu."

"Sikuja kulichukua, mwalimu. Nimekuja kulinakili."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

Akazipitisha kurasa kwa kidole gumba, midomo ikihesabu. "Utachukua siku sita. Ukifanya haraka utarudia, kwa sababu nitakusahihisha mimi." Akamwita mumewe aliyekuwa uani, akamwambia kuna mgeni, aziondoe nazi katika chumba cha nje apate pa kulala. Mumewe akauliza mgeni wa siku ngapi. "Mpaka amalize," akasema.

Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo, na sakafu ya udongo iliyobaki na alama za nazi zilizokuwa zimelala hapo. Mwalimu akaniletea kibao cha kuandikia, daftari jipya la skuli na kalamu mbili. Juu ya dirisha kulikuwa na msumari. Nilivua bangili nikaitundika, nikanawa mikono, nikalifungua daftari lake katika ukurasa wa kwanza uliosomeka, na kabla sijaandika chochote nikahesabu mistari.